Mwongozo kamili: Kuandaa ziara ya waandishi wa habari inayoleta wageni kijijini

Vikundi vingi vya utalii wa kitamaduni vina malalamiko yanayofanana. Waandishi walikuja, mbuzi akachinjwa, ngoma ikapigwa, viongozi wakahutubia. Baada ya wiki mbili makala ikatoka na picha nzuri, lakini simu ya kikundi haikulia. Wengine yamewakuta makubwa zaidi: wanakijiji walisomewa makala wakakuta wameandikwa kuwa "wanaishi maisha ya kale", na picha ya binti wa mtu imewekwa ukurasa wa mbele bila mzazi kuulizwa.

Ukichunguza, kasoro ni zile zile tatu. Maandalizi yote yanahusu mapokezi, hakuna aliyeandaa habari. Ridhaa inaombwa kamera zikiwa zimeshawashwa. Na makala inachapishwa bila kumwambia msomaji afikeje na amlipe nani. Mwongozo huu unafuata hatua moja moja ili kuziba mianya hiyo mitatu.

Mifano mingi nimeitoa sehemu mbili: Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi wilayani Karatu, ambako wageni huenda kuwatembelea Hadzabe, jamii ya wawindaji na wachumaji wa porini, na majirani zao Datoga, wafugaji na wahunzi, na misitu mitakatifu ya Wamijikenda iitwayo kaya, pwani ya Kenya, hasa Kaya Kinondo karibu na Diani. Kama ninyi mko Longido, Mto wa Mbu, Loiyangalani au kwa Wabatwa wa kusini-magharibi mwa Uganda, hatua hazibadiliki.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Muhtasari wa mkutano ulioidhinisha ziara, wenye sahihi na tarehe.
- Laini ya simu ya kikundi yenye WhatsApp, iliyosajiliwa kwa jina la kikundi. Msitumie namba ya mtu binafsi, kwani akihama au kugombana na wenzake, namba iliyochapishwa inaondoka naye.
- Barua pepe ya kikundi, na ofisi yenu ikiwa imewekwa kwenye ramani ya Google.
- Orodha ya bei kwenye karatasi moja: kiingilio, muongozaji, chakula, mchango wa kijiji.
- Picha 15 hadi 20 kubwa na safi, ambazo kila anayeonekana ameridhia.
- Fomu ya ridhaa kwa Kiswahili rahisi, pamoja na kinasa sauti kwa wasioandika.
- Wakalimani wawili, mwanamume na mwanamke.
- Bajeti iliyokwisha kupata mlipaji.
- Daftari la wageni lenye safu ya swali "Umetusikia wapi?"
- Sanduku la huduma ya kwanza, maji ya kunywa, na mahali pa kuchajia betri.

Kikikosekana kimoja kati ya vitatu vya kwanza, ahirisheni. Vingine mnaweza kuvikamilisha mkiendelea.

## Hatua ya 1: Pateni ridhaa ya ngazi tatu

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayozaa ugomvi mkubwa. Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wa Asili, lililopitishwa tarehe 13 Septemba 2007, linasisitiza ridhaa iliyo huru, inayotolewa mapema, na inayotolewa na watu walioelezwa kila kitu. Kenya ina pia sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni. Kijijini, maana yake ni kwamba muulize ngazi tatu tofauti.

Kijiji. Pelekeni ajenda kwenye halmashauri ya kijiji, au kwa chifu na wazee kama mko Kenya. Elezeni nani anakuja, kwa siku ngapi, atapiga picha za nini, na fedha zitapita wapi.

Jamii yenyewe. Saini ya mwenyekiti wa kijiji haitoshi. Hadzabe hawana chifu. Kila kambi hujiamulia mambo yake, na katika kambi kila mtu mzima ana sauti. Kukubaliana na mwanamume mmoja anayejua Kiswahili vizuri siyo kukubaliana na kambi. Nendeni kambini, kaeni chini, ongeeni na wanawake pia, kisha rudini siku nyingine kusikia walichoamua. Kwenye kaya, wenye neno ni wazee wa kaya, hata kama kikundi cha vijana ndicho kinachopokea wageni kila siku.

Mtu mmoja mmoja. Anayepigwa picha au kuhojiwa anaulizwa yeye mwenyewe, siku hiyo hiyo, kwa lugha yake. Mtoto anaulizwa na mzazi wake anaulizwa.

Katika vikao hivyo andaeni orodha mbili: yanayoruhusiwa kuonyeshwa na yasiyoruhusiwa. Wageni wa Kaya Kinondo hufungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia msituni, na hawaruhusiwi kutoka na kitu, hata jani. Kanuni za namna hiyo ziandikwe kabla mwandishi hajafika, asije akazisikia mara ya kwanza akiwa mlangoni na mguu mmoja ndani.

*Tahadhari:* orodha ya yasiyoruhusiwa itaje pia mahali. Vigango vya Wagiriama, nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu, viling'olewa makaburini, vikauzwa hadi vikaishia kwenye makumbusho ya Marekani, na ni baadhi tu vilivyorudishwa. Picha ya simu ikiwa imebeba alama ya mahali ilipopigwa humwonyesha mwizi njia. Mwambieni kila mwandishi azime huduma hiyo kwenye simu na kamera kabla ya kuingia.

Hatua hii imekamilika pale ambapo mtu yeyote wa kambi au mtaa, ukimuuliza ghafla, anaweza kukueleza waandishi wanakuja kufanya nini na yeye ana haki ya kukataa nini.

## Hatua ya 2: Tafuteni habari ndani ya kivutio

Mhariri hanunui "karibuni mjionee utamaduni wetu". Sentensi hiyo anaipokea kila wiki kutoka kila kona. Anachotaka ni jambo linalotokea, lenye watu, linaloweza kusimuliwa.

Chukueni Mang'ola. Kila kikundi kingeandika "uwindaji wa Hadzabe", na kila mpiga picha ameshapiga picha ya mwindaji na upinde. Lakini sogeeni karibu na karakana ya mhunzi wa Kidatoga. Ameketi chini ya kivuli, mwenzake anapuliza moto kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Ndani ya chungu kidogo kuna makufuli mabovu na koki za maji zinayeyuka. Anamimina shaba kwenye kalibu, anasubiri, anaigonga, anaisugua kwa mchanga, na bangili inatoka. Pembeni yake kuna misumari iliyofuliwa kuwa vichwa vya mishale. Hiyo haiendi kwa watalii peke yao: majirani zake Hadzabe huichukua na kulipa kwa asali au nyama. Hapo mna habari, kwa sababu inaonyesha jamii mbili zinazofanya biashara leo, kwa vitu vya leo.

Habari ya pili iko kwa wanawake. Kamera hukimbilia upinde, wakati sehemu kubwa ya chakula cha Hadzabe huchimbwa na kuchumwa: mizizi, matunda madogo ya porini, ubuyu. Mwandishi akitumia asubuhi nzima na wanawake wanaochimba mizizi kwa kijiti kilichochongwa, atarudi na kitu ambacho wenzake hawana, nanyi mtapata wageni wanaokuja kwa ajili hiyo.

Andikeni habari tatu, kila moja sentensi tatu: nani, anafanya nini, kwa nini msomaji ajali sasa. Kisha msomeeni mtu wa nje ya kijiji, mwalimu au dereva. Akiuliza swali la pili, habari ipo. Akisema "vizuri" tu, rudini mkatafute nyingine.

*Tahadhari:* msitunge tambiko wala msifufue desturi iliyoachwa ili ipigwe picha. Mwandishi makini atagundua, na wazee wenu watakuwa wamedhalilishwa mbele ya vijana wao.

## Hatua ya 3: Andaeni mfuko wa taarifa

Mfuko wa taarifa ni kurasa mbili au tatu na picha, vikiwa ndani ya folda moja ya mtandaoni. Hauhitaji msanifu. Uwe na:

- habari zenu tatu;
- majina sahihi ya watu, mahali na jamii, kwa tahajia mnayotaka itumike. Andikeni jina ambalo jamii inajiita: Hadzabe, si Watindiga; Datoga, si Mang'ati;
- ukweli wa msingi: mlipo, lugha zinazozungumzwa, msimu mzuri wa kufika;
- namna ya kufika, kuanzia mji mkubwa ulio karibu;
- bei, na fedha inagawanywaje;
- sanduku lenye kichwa "Jinsi ya kututembelea", lenye simu, barua pepe na sentensi moja ya kuhifadhi nafasi.

Sanduku hilo la mwisho ndilo dawa ya makala zisizoleta wageni. Mwandishi akiwa ofisini usiku, amechoka, na mhariri anadai kazi, hatatafuta namba yenu. Ataweka kilicho mbele yake, na kama hakuna kitu ataweka jina la kampuni kubwa ya utalii iliyomleta.

Chini ya kila picha andikeni jina la aliyepigwa (kama ameridhia litajwe), anachofanya, mahali, na jina la mpiga picha. "Mwanamke wa Kimaasai" siyo maelezo ya picha.

## Hatua ya 4: Chagueni waandishi wachache

Wanne hadi sita wanatosha. Kambi ya Hadzabe kwa kawaida ina watu 20 hadi 30, wakiwemo watoto. Mkiingiza kamera 12 humo, hakuna maisha yatakayoendelea kama kawaida, na kila mwandishi atapiga picha za waandishi wenzake.

Anzeni na vyombo vya nyumbani. Wengi hutamani kuanza na majarida ya Ulaya, na naliona hilo kuwa kosa la mpangilio. Gazeti kama Mwananchi au Taifa Leo, redio ya kijamii kama ORS FM ya Terrat wilayani Simanjiro, au idhaa za Kiswahili za BBC, DW na RFI, zinawafikia walimu wanaopanga safari za shule, familia zinazotafuta mahali pa kwenda sikukuu, na ndugu zetu walio ughaibuni wanaorudi Desemba. Pia mhariri wa nje atawatafuta mtandaoni kabla ya kujibu barua yenu. Akikuta mmeshaandikwa vizuri na watu wa kwenu, kazi yenu imekuwa nusu.

Katika kundi la watu watano ningechanganya hivi: mwandishi wa makala wa gazeti, mtayarishaji wa redio, mpiga picha wa kujitegemea, mtengeneza video anayejulikana kwa kutembeza watu nchini, na mmoja wa chombo cha nje. Angalau mmoja atoke kwenye jamii yenu au jamii jirani.

Kabla ya kumwalika, someni kazi zake tatu za mwisho. Anawataja watu kwa majina? Anawanukuu wenyeji au anamnukuu mwenye hoteli tu? Idadi ya wafuasi isiwadanganye. Mtu mwenye wafuasi wengi wanaopenda magari hawezi kuwaletea mgeni mmoja wa msituni.

## Hatua ya 5: Andikeni barua fupi

Tumeni wiki 8 hadi 10 kabla kwa vyombo vya nchini, na mapema zaidi kwa majarida, ambayo hupanga matoleo miezi mingi mbele. Tumieni jina la mtu. Mfano:

> Ndugu Mhariri,
>
> Habari za kazi. Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, mhunzi wa Kidatoga anayeyusha makufuli mabovu kuwa bangili na kufua misumari kuwa vichwa vya mishale. Majirani zake Hadzabe humlipa kwa asali. Biashara hiyo bado inaendelea kila wiki, na wahusika wako tayari kuisimulia wenyewe.
>
> Tunawaalika waandishi watano kwa siku tatu, tarehe hizi. Malazi, chakula na usafiri kutoka Karatu tunagharimia. Hatutaomba kusoma makala kabla haijachapishwa. Tunaomba tu uhakiki wa majina na kufuatwa kwa kanuni za picha zilizoambatanishwa.
>
> Je, chombo chako kinaruhusu safari za namna hii? Tafadhali tujibu kabla ya tarehe hii.

Swali la mwisho lina kazi. Vyombo vingine vinakataza waandishi wao kusafiri kwa gharama za mwenyeji. Hao wapeni bei yenye punguzo na risiti. Vingine vinaruhusu, ila makala itasema wazi kwamba safari iligharimiwa. Msiliogope hilo, linaongeza imani ya msomaji.

Kimya cha siku saba kinastahili ujumbe mmoja wa kukumbushia. Cha siku 14, mwalikeni mwingine.

## Hatua ya 6: Vibali

Shughulikieni mapema na kwa maandishi. Mwandishi wa nje asije kwa viza ya utalii halafu afanye kazi. Tanzania, ithibati ya waandishi hupitia Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari (JAB), na anayepiga filamu huwasiliana na Bodi ya Filamu. Kenya, ithibati hutolewa na Baraza la Vyombo vya Habari. Ndani ya hifadhi kuna kibali chake tena: TANAPA (Hifadhi za Taifa Tanzania), Mamlaka ya Ngorongoro au KWS (Shirika la Wanyamapori Kenya), kutegemea mlipo.

Droni, zile ndege nyuki, zina masharti yake kupitia mamlaka za usafiri wa anga, TCAA na KCAA, na za ulinzi. Kama mwandishi hana kibali mkononi, droni ibaki kwenye begi. Kukamatwa kwake kutakuwa kukamatwa kwenu.

Mjulisheni afisa utalii wa wilaya au kaunti kwa barua. Si lazima aje, lakini asisikie kwa watu.

## Hatua ya 7: Pangeni fedha kabla ya ratiba

Ziara ina gharama sita: usafiri, malazi, chakula, wakalimani na waongozaji, malipo ya jamii, na dharura. Wanaoweza kuchangia ni bodi ya utalii (TTB au KTB), kampuni zinazowaletea wageni, nyumba za kulala wageni, na shirika la ndege.

Kila anayechangia atataka kuonekana. Mwekeeni mpaka kwa maandishi: jina la jamii na mawasiliano ya kikundi yanatangulia; mchangiaji anatajwa kama aliyelaza au aliyesafirisha waandishi. Msipolisema hili mapema, makala itahusu bwawa la kuogelea la hoteli, nanyi mtakuwa mapambo.

Lipeni jamii hata kama waandishi hawalipi. Siku ya ziara mhunzi hauzi, muongozaji hapati mgeni mwingine, mama haendi shambani. Na wanakijiji wakiona magari matano na kamera kubwa, watajua kuna pesa. Wasipoona kitu, watasema viongozi wamekula. Kwa hiyo mchango wa kijiji na ada za washiriki zitoke kwenye bajeti, zilipwe ofisini, zisainiwe, na hesabu ibandikwe ukutani.

Namna ya kulipa ijadiliwe na wanaolipwa. Pesa taslimu za wageni zinazotolewa kambini mkononi zimechangia ulevi katika baadhi ya kambi za Hadzabe, na wenyewe wamelalamikia hilo. Kama kambi inataka unga, matibabu au ada ya shule badala ya noti, iandikwe hivyo.

Msimpe mwandishi bahasha. Nauli na malazi ni gharama za ziara. Pesa ya "kumshukuru" inanunua makala ambayo hakuna mhariri makini atakayeiamini, na kesho mwandishi mwingine atakuja na bei yake.

## Hatua ya 8: Andikeni ratiba yenye nafasi

Epukeni masika, Machi hadi Mei, kama njia zenu ni za udongo. Kwa siku tatu za Mang'ola ningepanga hivi.

Siku ya kwanza. Kufika mchana. Kujitambulisha ofisi ya kijiji, dakika 20, hotuba moja. Kusoma kanuni za picha na kila mwandishi kuzisaini. Jioni, mazungumzo na wazee bila kamera. Hayo mazungumzo ndiyo yatakayowafanya wenyeji wawe watulivu kesho yake.

Siku ya pili. Kuondoka saa 11 alfajiri ili kufika kambini kabla jua halijachomoza, kwa kuwa wawindaji hutoka mapema na mwanga mzuri wa picha haupiti saa mbili asubuhi. Wagawanyeni: wawili wafuate wawindaji, wengine wabaki na wanawake. Mchana kula na kupumzika. Alasiri kwa mhunzi wa Kidatoga, halafu mashamba ya vitunguu ya Mang'ola, kwa kuwa mkulima anayemwagilia ni sehemu ya habari hii kama alivyo mwindaji. Jioni iachwe wazi kabisa. Waandishi wanahitaji umeme, mtandao na saa mbili za kupanga kazi zao.

Siku ya tatu. Mahojiano ya mtu mmoja mmoja, yaliyoombwa mapema. Kisha mazungumzo kuhusu ardhi, na kuondoka.

Suala la ardhi litaulizwa, mpende msipende, iwe ni Eyasi au Ngorongoro, au Mau na Bogoria huko Kenya. Vikundi vingi hulikwepa, na mwandishi huenda kuwauliza watu wasiojua. Chagueni wasemaji wawili, mmoja mwanamke, wenye ukweli mkononi. Mathalani, Hadzabe wa bonde la Yaeda walipata hatimiliki ya kimila ya pamoja mwaka 2011, na jambo hilo linaeleza vizuri kwa nini bado wana msitu wa kuwaonyesha wageni. Kama kuna mgogoro uliopo mahakamani, semeni upo, semeni uko wapi, na muishie hapo.

Ratiba iko sawa ikiwa kila siku ina angalau saa mbili zisizo na jina.

## Hatua ya 9: Simamieni siku zenyewe

Mteueni mtu mmoja wa kusema "hapana". Siyo kamati. Awe na sauti, ajulikane kwa waandishi tangu jioni ya kwanza, na wanajamii wajue kwamba wakimtazama tu ataingilia.

Kanuni za picha zisizidi ukurasa mmoja:

1. Uliza kabla ya kupiga, mwonyeshe aliyepigwa picha yake, futa akikuomba.
2. Watoto hawapigwi bila mzazi kuwepo na kukubali.
3. Wagonjwa, waliolewa pombe, wanaooga na walio kwenye maombolezo hawapigwi kabisa.
4. Usimwambie mtu avue nguo au saa, au afiche simu yake, ili aonekane wa zamani.
5. Usigawe pesa, pipi wala sigara. Zawadi zipitie ofisini.

Ya nne ndiyo huvunjwa zaidi, tena na watu wenye nia njema. Kijana wa Kidatoga mwenye simu kifuani ni Mdatoga kamili. Mpiga picha akimwomba aifiche, anawadanganya wasomaji wake na kumwambia kijana kwamba alivyo leo havutii.

Wakalimani watafsiri walichosema watu, wasiboreshe. Mama akisema amechoka na wageni, litafsiriwe hivyo hivyo. Na mahojiano ya wanawake yafanywe na mkalimani mwanamke, mbali na waume na wenyeviti. Majibu hubadilika mara moja.

## Hatua ya 10: Fuatilieni mpaka makala itoke na wageni wahesabiwe

Ndani ya siku mbili tumeni shukrani, mfuko wa taarifa kwa mara nyingine, na orodha ya majina sahihi. Baada ya wiki tatu ulizeni kwa upole makala itatoka lini. Msisumbue kila siku.

Ikitoka, itafsirini na kuisoma mkutanoni, hata kama ni fupi. Walioridhia wana haki ya kusikia walichoandikiwa.

Ikiwa na kosa, mwandikieni mhariri ndani ya saa 48. Nakilini sentensi yenye kosa, wekeni sentensi sahihi chini yake, ombeni irekebishwe. Msimtukane mwandishi mtandaoni. Matoleo ya mtandaoni hurekebishwa kwa urahisi, na mawasiliano yaliyosahaulika yanaweza kuongezwa siku hiyo hiyo. Kama ni picha ya mtu asiyeridhia, ombeni iondolewe na tajeni fomu yenu. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinawapa msingi.

Kisha hesabuni. Lile swali la "Umetusikia wapi?" liulizwe kwa kila anayepiga simu na kila anayesaini daftari. Jumlisheni baada ya miezi mitatu, sita na 12. Makala ya gazeti huleta simu haraka na kuisha. Makala ya mtandaoni na video huleta polepole kwa muda mrefu. Mkikuta redio imeleta shule nne na jarida la nje halijaleta mtu, mwaka ujao mnajua pa kuweka nauli.

*Tahadhari:* wageni wakiongezeka ghafla, kambi ile ile isipokee makundi kila siku. Wekeni idadi ya juu kwa siku na siku za mapumziko kabla makala haijatoka, maana ikishatoka hamtakuwa na muda wa kuitisha kikao.

## Hatua ya 11: Geuzeni mwandishi mmoja kuwa mbia

Kati ya waliokuja, mmoja au wawili watakuwa wamefanya kazi kwa heshima. Hao msiwaache waende. Ziara ni ya mara moja. Kinacholeta wageni kila msimu ni chombo kinachorudi.

Mapatano ya ubia yanaweza kuwa madogo sana. Kipindi cha dakika 15 kwenye redio ya kijamii kila wiki, kinachotayarishwa na vijana wenu kwa lugha yenu na Kiswahili. Safu ya kila mwezi gazetini yenye picha kutoka kijijini. Mafunzo ya siku chache ambapo mpiga picha anawafundisha vijana wawili kupiga, kuhifadhi na kuandika maelezo ya picha, ili mwakani mhariri anunue picha kwao.

Andikeni kwenye ukurasa mmoja: kila upande unatoa nini, kwa muda gani, nani ana hakimiliki ya picha na sauti, zinaweza kutumika wapi, na zikiuzwa kwingine jamii inapata kiasi gani. Kipengele cha hakimiliki msikiache kwa ajili ya urafiki. Wimbo wa mama uliorekodiwa kwa ajili ya kipindi cha redio usije ukasikika kwenye tangazo la bia.

Wekeni mkataba wa mwaka mmoja tu, usiojiongeza wenyewe. Mwezi mmoja kabla haujaisha, leteni hesabu ya wageni na nakala za kazi zilizotoka kwenye mkutano wa kijiji na kambini, na waliopigwa picha wawe wa kwanza kupewa nafasi ya kusema kama uendelee.